Mahari pa Kukaa

Nani mwingine Kakamega hii angemtukana hakimu saa nne asubuhi, mbele ya askari watatu, halafu saa saba akaenda zake kula obusuma, ugali wetu, kwa amani? Mimi nilikuwepo. Mlevi mmoja wa upande wa Iguhu, aliyeshtakiwa kwa kuvunja dirisha la kilabu, aliulizwa kama alikuwa na neno kabla ya hukumu. Alikuwa nalo. Akalisema kwa Kiluhya, neno refu lenye matawi, na watu wote kwenye mabenchi wakaziba midomo. Hakimu akamgeukia Mkalimani. Mkalimani akanyoosha tai, akatazama mbele, akasema kwa sauti ya kilevi ileile: "Mheshimiwa, kichwa chako ni kikubwa, lakini ndani amelala kuku, na kuku mwenyewe hajawahi kutaga."

"Unasema nini wewe?"

"Mimi sisemi kitu, Mheshimiwa. Anasema yeye. Mimi ni mdomo tu."

Mimi ni mdomo tu! Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Ukimwomba ushauri juu ya kesi, ni mdomo tu. Ukimwuliza nani alikuwa anadanganya, shahidi au polisi, ni mdomo tu. Mimi nilikuwa karani wa taipu pale mahakamani, msichana niliyetoka shule juzi, na yeye alikuwa amekwisha kuukalia ukalimani miaka mingi. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Binti Taipu, na mimi nikamwita Mzee, ingawa nyuma yake sisi wote tulimwita Mkalimani, kama vile duniani yuko mmoja.

Alikuwa mtu wa ajabu kweli. Mahakamani aliweza kulia kilio cha shahidi na kucheka kicheko cha mshtakiwa, lakini ukikaa naye wakati wa chai ungedhani amekatwa ulimi. Nyumbani ndiyo kabisa. Mkewe aliniambia, "Huyu anamalizanga maneno yote huko kwenu, mimi ananiletea masalio." Na alikuwa mwoga wa wino. Ndiyo, wino! Aliogopa utamchafulia shati, kwa hiyo aliandika kwa penseli, na penseli yenyewe aliichonga kwa wembe mpaka unaweza kushonea nguo.

Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote ni ulimi wake. Sisi watu wa huku tunajijua. Herufi eli na are ni mapacha kwetu, tunawavalisha nguo moja na kuwaita kwa jina lolote linalokuja mbele. Lori ni roli, kura ni kula, na wakati wa uchaguzi watu wanaambiwa waende wakale mapema. Yeye alikuwa amekataa. Alijifundisha mwenyewe, mtu mzima, akitembea kutoka kwake hadi kazini huku akisema kwa sauti, "Lori la Lugari lililala barabarani, lori la Lugari lililala barabarani." Wapita njia walidhani amerukwa na akili. Ukikosea mbele yake alikusahihisha papo hapo, uwe nani. Siku moja mchungaji alimaliza sala kwa kumwomba Bwana "aturinde na kutulehemu," na kabla watu hawajasema amina Mkalimani akasikika kutoka benchi la nyuma, "Aturehemu, Mchungaji. Kulehemu ni kwa mafundi wa vyuma." Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Sasa, ninyi ambao hamkuona miaka ile ya miwa, sijui niwaambieje. Watu walikuwa wamepandwa na wazimu mtamu. Mihogo iling'olewa, migomba ikakatwa, hata ua wa nyuma ya choo ukapandwa miwa. Matrekta yalipita dirishani kwangu yakivuta matela mpaka vioo vikatetemeka, na ukiingia upande wa Mumias pua yenyewe ilikuambia umefika. Nyumba za mabati ziliota kila kilima. Na kwa sababu kila hatua ya udongo ilikuwa na thamani, mipaka iliyolala tangu enzi za babu iliamka yote kwa wakati mmoja. Ndugu na ndugu, shemeji na shemeji, wote walikuja kwetu. Nilipiga taipu mpaka vidole vikaota sugu, na Mkalimani alizungumza mpaka sauti ikakauka.

Hapo ndipo alipokuja yule mama wa Shianda.

Alikuwa mjane, mwenye biashara ndogo ya ndizi na sabuni pale sokoni. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa amepanda miwa kwenye kipande alichokuwa akilima mama huyo, na sasa alidai kwamba hakikuwa cha mama hata siku moja. Mama alisema alipewa na baba mkwe wake mbele ya wazee. Alipoulizwa atatumia lugha gani, alijinyoosha akasema Kiswahili. Ni mtu wa soko, bwana, angewezaje kukubali kutafsiriwa kama mtu asiyetoka nyumbani!

Hakimu wetu wakati ule alikuwa mtu wa Pwani. Kiswahili chake kilikuwa safi, na masikio yake yalikuwa safi zaidi. Mama akasema, "Baba mkwe alinipa mahari mbere ya wazee, nikajenga."

Hakimu akainua kalamu. "Baba mkwe alitoa mahari? Ndivyo anavyosema?"

Mkalimani akajibu bila kupepesa, "Ndivyo, Mheshimiwa. Mahari, mbele ya wazee."

Hakimu akaandika kwa Kiingereza kwamba baba mkwe alitoa mahari, mama akaolewa, akajenga kwa mumewe. Shamba halikutajwa kabisa. Mimi nikapiga taipu kama nilivyoletewa, neno la Kiingereza la mahari, herufi tano, na nikaenda kunywa chai. Hukumu ilipotoka, shemeji akapewa miwa na kipande. Mama akabaki na nyumba yake na bustani ya mboga.

Siku ya hukumu hakupiga kelele. Alimngoja Mkalimani nje, penye ile barabara ya matela, akamwuliza kwa Kiluhya, kwa upole kabisa, kwa nini hakimu alikuwa anazungumza habari za ng'ombe za ndoa yake, na yeye alikuwa amesema alipewa pa kukaa. Maana kwa Kiluhya maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mkalimani alisimama pale. Trekta lilipita, na jingine, na bado alikuwa amesimama.

Asubuhi iliyofuata alinikuta ninafungua mashine. "Binti Taipu, toa faili." Nikatoa. Akaweka ncha ya penseli juu ya lile neno, akaniambia, "Alisema mahali. Mahali! Mimi nilizaliwa nikiita mahali mahari, mama yangu amekufa akiita mahali mahari. Hakimu angekosea, ni mgeni. Lakini mimi? Nimesafisha masikio mpaka yamehamia Pwani, yameniacha hapa peke yangu."

Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule. Alitaka kwenda kwa hakimu siku ileile, lakini hakimu alikuwa amepata uhamisho na vitu vyake vilikuwa kwenye gari. Aliyekuja baada yake akasema faili limefungwa, mama atafute wakili akate rufaa. Mama akatafuta. Mmoja alikuwa na shughuli, mwingine alikuwa safarini, na siku za rufaa zikapita kama zinavyopita. Mkalimani aliposikia, alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha mafaili, akasema, "Basi wakili nitakuwa mimi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Alikuwa na miaka arobaini na sita, wajukuu wawili na shati moja la Jumapili. Hakuwa hata amemaliza masomo ya juu ya sekondari.

"Cheka ukimaliza uniazime kamusi yako ya Kiingereza," akasema.

Jamani, mtu huyo alisoma! Alisomea kwenye korido wakati hakimu amechelewa, alisomea kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo. Alifanya mtihani pamoja na watoto wa rika la mwanawe wa mwisho, akaanguka. Ofisi nzima ilijua, na mzaha ulianza: "Wakili, kesi yako imeahirishwa?" Akajibu, "Imeahirishwa, haijatupwa." Mwaka uliofuata akafanya tena. Siku matokeo yalipofika aliingia mahakamani katikati ya kesi ya wizi wa baiskeli, akanyoosha karatasi juu ya vichwa vya watu, akanitazama, na mimi nikapiga ukelele mpaka askari akashika rungu. Sikujali! Hata leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Akaacha kazi. Miwa yake ndiyo iliyomsomesha, na yeye mwenyewe hakuwahi kutafuna hata fundo moja, alisema inamharibia ulimi. Kabla ya kuondoka alimwambia msajili kwamba mtu wa kushika nafasi yake ni mimi. Mimi! Nilimwambia siwezi, nina aibu, na eli zangu pia zina matatizo. Akasema, "Ndiyo maana. Usije ukazisafisha sana."

Barua zake kutoka chuo kikuu, kule Nairobi, nilizisoma kwa sauti ofisini na watu wakaja kusikiliza. Siku ya kwanza alipoingia darasani na koti lake na mvi zake, wanafunzi wote walisimama wakidhani ni mwalimu. Na yeye kwa mazoea ya miaka mingi akajikuta ametamka kwa sauti ya mahakama, "Kaeni!" Wakakaa. Halafu akakaa nao, mbele kabisa, na mwalimu halisi, kijana mwenye miwani, akaingia akamwamkia shikamoo.

Alikuwa amebeba unga wa nyumbani, na jioni alisonga obusuma kwenye jiko dogo la umeme lililokatazwa bwenini. Harufu ikamleta msichana mmoja wa Chekalini aliyekuwa darasa moja naye, mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno. Akabisha mlango akasema, "Kuka, kama hunipi nakushtaki." Kuka ndilo babu kwetu. Tangu siku hiyo wakawa babu na mjukuu: yeye akimfundisha namna mashahidi wanavyodanganya, msichana akimfundisha namna ya kujibu maswali ya mtihani. "Huyu mtoto," aliniandikia, "ana mdomo wa mawakili watatu. Na eli zake ni mbovu, nimezisahihisha mwezi mzima, nimeshindwa."

Barua nyingine zilikuwa kelele tupu za furaha. "Binti Taipu, sheria ya mikataba! Kumbe tulikuwa tunaishi gizani!" "Binti Taipu, leo nimesoma ushahidi wa kusikia. Nikikumbuka yale tuliyokubali pale Kakamega natamani kuzimia!" Kila barua ilimalizika kwa swali moja: Mama wa Shianda yuko? Nilimjibu yuko, anauza ndizi, anakusalimu.

Halafu ikaja barua fupi. Nilidhani mtu amekufa. Aliandika kwamba amejifunza mambo mawili kwa wiki moja. La kwanza, kwamba siku zile alipogundua kosa lake, karatasi moja ya kiapo, aliyoiapia na kuitia sahihi, ingetosha kulifungua lile faili. Karatasi moja! Na yeye alikuwa ameamua kuifuata kwa miaka minane. La pili lilikuwa chungu zaidi. Wakili haruhusiwi kuwa shahidi katika kesi anayoisimamia. Ama asimame na joho, ama apande kizimbani aseme alichofanya.

Na wakati huohuo kule Shianda mambo yalikuwa yamechemka. Shemeji alikuwa amefungua kesi ya mirathi ya baba yao, akitaka sasa ardhi yote, pamoja na nyumba ya mama na bustani yake ya mboga. Silaha yake ilikuwa zile karatasi nilizopiga taipu mimi: mama mwenyewe alisema alipewa mahari, hakusema alipewa ardhi. Kesi ikapangwa Mahakama Kuu, kiwanja kilekile chetu, na mkalimani alikuwa mimi.

Mkalimani akarudi akiwa wakili kamili, joho lake limekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Nilimkimbilia uwanjani, nikasahau kama nimevaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimeyapanga ya kumwambia, nikayamwaga yote pale pale. "Mzee, nyamaza tu. Nani anajua? Yule hakimu yuko mbali, faili halisemi kitu. Simama umtetee. Si ndicho ulichosomea? Mama anakungoja wewe!"

"Na zile karatasi za taipu zitajibiwa na nani?" akauliza. "Nitasema nini, kwamba mkalimani fulani alikosea? Jaji atauliza, yuko wapi huyo mkalimani."

"Watakucheka. Kila mtu uliyemtafsiria miaka yote hiyo atakuja kudai kesi yake."

"Waje. Nitakuwa na kazi."

Nilikasirika naye mpaka machozi yakanitoka. Miaka minane, ndugu zangu! Na mama wa Shianda angefukuzwa kwenye nyumba yake endapo jaji angemwona Mkalimani kama mzee tu anayejitafutia jina. Alinipa leso yake. Ilikuwa imepigwa pasi.

Kwa hiyo siku yake ya kwanza mahakamani akiwa wakili, hakusimama kama wakili. Aliyesimama kwa niaba ya mama alikuwa yule msichana wa Chekalini, joho limemzidi urefu, sauti inafika hadi barabarani. Mzee alivua joho lake mlangoni, akaniwekea mikononi, akapanda kizimbani na kuapa. Jaji akamwuliza kazi yake.

"Wakili, Bwana Jaji. Wiki ya pili hii. Lakini leo nimekuja kama mkalimani."

Akasema yote. Hakujipaka mafuta. Alisema mama alitamka hivi, yeye akasikia hivi, na hakimu akaandika hivi. Wakili wa shemeji akasimama akitabasamu. "Kwa hiyo wewe, mtaalamu wa lugha, unataka mahakama iamini kwamba hukujua mahari ni nini?"

"Nilijua mno. Nilisikiliza ulimi wake, sikumsikiliza yeye."

"Na miaka yote ulisema wewe ni mdomo tu?"

"Nilisema. Nilikosea pia hapo."

Halafu akaitwa mama. Alikuwa amezeeka kidogo, amevaa kilemba chake cha kanisani. Safari hii pia alichagua Kiswahili. Msichana wa Chekalini akamwuliza, "Mama, baba mkwe wako arikupa nini?" Niliona Mzee akifumba macho kwa ile are.

Mama akalowesha midomo. Alijua, wote tulijua, kwamba maisha yake yamening'inia kwenye herufi moja. Niliona akiitafuta ndani ya mdomo, akiisukuma kwa ulimi. Akasema:

"Mahari."

Wakili wa shemeji akaruka. Jaji akainua mkono, akanigeukia. "Mkalimani?"

Sikujibu haraka. Niliomba ruhusa nimwulize shahidi maana ya neno lake. Nikamwuliza, "Mama, ya ng'ombe ama ya kukaa?"

"Ya kukaa!" akapiga kelele. "Ya kukaa, ya kurima, ya kuzikwa! Ng'ombe zirienda kwa baba yangu, mimi ningezirara juu?"

Mahakama nzima ikalipuka. Hata jaji alishika pua. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Amesema mahali, Bwana Jaji." Akaandika, na mimi nikatazama kalamu yake ikienda. Kwa Kiingereza nalo ni herufi tano.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma. Mama alipata nyumba, bustani, na kile kipande cha miwa pia. Mzee alikuwa amekaa benchi la watu wa kawaida. Hakupiga makofi. Alitoa penseli, akaitazama ncha, akairudisha mfukoni.

Niliwahi kwenda naye Shianda mara moja, Jumamosi moja baada ya mavuno. Mama alikuwa amechinja ingokho, kuku wa heshima, na kile kipande kilikuwa kimepandwa nusu miwa nusu mahindi. Alitukimbilia hadi langoni, mikono ina unga, akafungua lango kwa pande zote mbili.

"Karibuni, karibuni! Karibuni mahari pangu!"

Nikamtazama Mzee. Mtu aliyemsahihisha mchungaji kabla ya amina! Nilimwona akivuta pumzi, nikajua inakuja. Akavua kofia, akatazama nyumba, mahindi, miwa, akarudisha macho kwa mama.

"Asante, mama," akasema. "Hapa ni mahari pazuri."